Kiti Tulichomwekea Mama

...na viti, Yaya! Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kwenye viti vya gari yetu simu ilipokatika. Nilibaki nikiita "alo, alo" mpaka huyu mume wangu Asukulu akacheka, akaniambia, "Bibi yangu, uko nasema na mukono yako tu. Munara imekufa." Mnara haujafufuka mpaka leo. Wanasema mafuta ya jenereta yake hayafiki huku Baraka, na sababu ya kutofika kwake ndiyo hiyo hiyo inayonizuia mimi kufika kwenu. Kwa hiyo nimechukua karatasi. Barua hii ataileta Mama Riziki, yule muuza ndagala, dagaa wa ziwa, anayekuja na boti kila mara na kushukia huko kwenu Kalemie. Ukimwona, mpe chakula, anastahili.

Umeamkaje lakini, Yaya wangu, dada yangu mkubwa, wewe uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea? Kifua cha shemeji kimetulia? Watoto wanaenda shuleni, au walimu bado wamegoma? Hapa sisi tuko wazima wa mwili. Nimenenepa kidogo. Asukulu anasema ni mapenzi, mamamkwe anasema ni bugali yake. Wote wawili wana haki.

Habari za Mama nitazifikia. Kwenye simu ulianza kuniambia jambo lake, nikasikia neno "daktari", nikasikia neno "nyumbani", katikati ni upepo tu. Sasa najua ulichosema. Lakini acha nimalize kwanza habari za viti, maana nikianza na Mama kalamu haitaendelea.

Viti ni vya kitambaa cha kijivu, laini, vimechongwa mgongoni kiasi kwamba ukiegemea unashikwa kiuno kama mtu anayekupenda ndiye aliyekushika. Kile cha mbele cha abiria kina mkono wa kukipandisha na kukishusha, na mwingine wa kukilaza. Ndicho kiti cha Mama. Sisemi hivyo kwa utani. Asukulu alipomwomba kaka yake wa Kigoma amtafutie gari, hakumwambia habari za rangi wala za mwendo. Alimwambia, "Nitafutie jeep ambayo mama mwenye nyonga mbovu anaweza kuingia bila kupanda na bila kuinama." Kaka yake akadhani anachekwa. Lakini ni kweli, Yaya, nimejaribu mwenyewe mara nyingi, nikijifanya Mama, mkono mmoja kwenye nyonga. Jeep kubwa za mashirika unazipanda kama unapanda dari. Taxi unaiingia kama unashuka shimoni. Hii yetu iko katikati. Unageuka, unaketi, halafu unaingiza miguu yako mmoja mmoja kama bibi wa gavana.

Maana ndivyo Asukulu alivyosema siku ya ndoa, unakumbuka? Wewe ulikuwepo, Mama ndiye hakuwepo. Pikipiki ingemuua nyonga, na boti hataki hata kuisikia tangu ziwa limchukue Baba. Wazee wa upande wao wakauliza mama wa bibi arusi yuko wapi, ukaona haya kujibu kwa niaba yetu. Ndipo Asukulu aliposimama, na kaptula ile ya suti iliyokuwa ndefu kuliko miguu yake... nasema kaptula, ilikuwa suruali, lakini aliikunja sana! Akasema mbele ya watu wote, "Mama mukwe sitamuleta na piki, sitamuleta na boti. Atakuja amekaa, kama bibi ya guvernere, na mimi njo nitakuwa shofere." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mimi nilimpenda upya pale pale.

Gari ilivuka ziwa kutoka Kigoma juu ya boti ya mizigo, imefungwa kwa kamba kama ng'ombe, wakaishusha hapa Baraka kwa mbao. Wanaume walisukuma, wanawake walipiga vigelegele, na Asukulu alikaa ndani ameshika usukani akitoka jasho, ingawa injini ilikuwa imezimwa na hakuna alichokuwa akiendesha. Rangi yake ni ya maji ya ziwa kabla ya mvua. Nyuma ni fupi, mbele ina uso wa hasira kidogo, macho membamba. Nilimwambia Asukulu, "Inafanana na wewe ukiwa na njaa."

Na ina sauti! Kila ukiiwasha, mwanamke anasema neno la Kijapani, taratibu, kwa adabu nyingi. Mara ya kwanza mamamkwe alikuwa nyuma. Akageuka huku na huku.

"Huyu mama iko wapi?"

"Hakuna mama, ni mashini," Asukulu akamwambia.

"Mashini? Basi iko na adabu kupita bibi yako. Inasalimia batu asubui."

"Mama!" nikasema.

"Nasema tu. Aksanti, mama, na weye pia."

Tangu siku hiyo anaijibu kila mara. Hata akiwa nje akipita tu na ndoo, akisikia gari inawashwa anaitikia salamu.

Sasa sikiliza habari ya vitufe. Kuna kimoja chenye picha ya kiti na mistari inayopanda kama mvuke. Asukulu alisema kitakuwa cha kukanda mgongo, kwa sababu Wajapani wanajua mambo ya mgongo. Siku hiyo tulimweka mamamkwe mbele, tukakibonyeza, tukaelekea sokoni. Jua la Baraka unalijua. Tulipofika kwa wauza ndagala akaanza kujinyonganyonga. Halafu akapiga kelele, "Asukulu! Simamisha! Hii gari iko naungua, na imeanzia kwangu!" Akaruka nje akishika matako kwa mikono miwili, mbele ya bamama wote. Mmoja akamwita, "Mama Asukulu, umeiva?" Mwingine akasema, "Bado, mumuletee chumvi!" Kumbe ni kitufe cha kupashia kiti joto, kwa ajili ya nchi za barafu. Mpaka leo wakimwona sokoni wanamuuliza kama bado yuko motoni. Yeye anawajibu kwamba moto wa gari si kitu, wangojee ule wa ahera.

Kiyoyozi kinafanya kazi vizuri mno, mamamkwe hujifunika kikwembe chake cha kitenge. Madirisha yakifungwa vumbi linabaki nje, na kelele nazo zinabaki nje, mnaweza kusikiana mkinong'ona. Ukirudi nyuma kuna kioo kidogo kinachokuonyesha kuku na watoto walio nyuma yako. Viti vya nyuma vinalala kabisa. Tulitandika godoro tukaona Mama angeweza hata kulala, akichoka kukaa. Kasoro ninazijua pia, sikufichi. Harufu ya ndagala ikiingia haitoki. Ufunguo wake hauna meno, ni kitufe tu, na una betri ndogo kama sarafu ambayo sokoni haiko, ikichoka, unaubembeleza. Na kitu kingine ambacho hatukukijua, nitakuambia mbele.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kitu ambacho wengine wanakiona kasoro. Usukani uko kulia, kama wa Tanzania, na sisi huku tunapita kulia. Kwa hiyo Asukulu akiwa nyuma ya lori haoni mbele. Mimi, niliyekaa kushoto, ndiye ninayeona. Ananiuliza, "Cheri, kunakuja?" Namwambia, "Kunakuja piki." "Na sasa?" "Ngoja." "Na sasa?" "Sasa pita, mupenzi." Naye anapita, Yaya, bila kuona chochote, kwa neno langu tu. Niambie kama kuna mwanaume mwingine aliyewahi kukuamini hivyo. Shemeji asisome hapa.

Nimekuandikia yote haya ili ujue tulichomwandalia Mama. Si gari ya kuringia. Unajua jiko langu liko namna gani. Mafiga yangu yamewekwa kando ya ukuta tangu ndoa, mapya, hayajaona majivu, yanamngoja Mama ayapange na kuwasha moto wa kwanza kama desturi yetu inavyotaka. Mpaka leo napika kwenye moto wa mamamkwe. Hanisumbui, lakini majirani hawana dogo. Nikipita na sufuria wanasema, "Bibi arusi, bado tu uko mugeni?" Nacheka. Nikifika ndani sicheki. Nina nyumba, nina mume, nina vyombo, na bado si mwanamke wa nyumba yangu mwenyewe.

Basi tulikwenda kumchukua. Hilo ndilo hukulijua wakati wa simu. Nilikuwa nataka kukwambia mwishoni, kama zawadi: tumeshajaribu, tunajaribu tena. Sasa nakwambia kama lilivyo.

Tulitoka asubuhi. Mamamkwe alikuwa amefunga sombe yake ya kisamvu kwenye majani, termosi ya chai, na mto wa kuweka chini ya nyonga ya Mama alioushona mwenyewe. Kiti cha mbele nilikitandika kikwembe kipya nikakaa juu yake, ili Mama asikute jasho langu. Kupanda Fizi ilikuwa furaha tupu. Barabara inazungukazunguka mlimani, hewa inapoa, ukigeuka unaliona ziwa lote na rasi ya Ubwari imelala katikati yake kama mtu aliyejifunika shuka. Asukulu aliimba. Pale Fizi tulisimama tukala, watu wakaja kuizunguka gari, mzee mmoja akagonga mlango wake kwa kidole kama anayejaribu chungu, akasema, "Hii haitaumiza muntu." Nikaona kama ni baraka.

Baada ya Fizi barabara inashuka. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi, na malori yalikuwa yameichimba mpaka ikawa mitaro. Kwenye mtelemko wa kwanza tulipita kwa neema. Kwenye mpando uliofuata, gari ikasimama. Ikavuma, ikatikisika, ikateleza upande. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanazunguka kama wazimu yakitupa udongo. Ya nyuma yalikuwa yametulia kama watu walioko kanisani.

Hapo bapikipiki wakaanza kutupita, mmoja mmoja, na abiria na magunia na mbuzi.

"Papa, hii jeep iko nafanya nini? Iko nasali?"

"Washa kiyoyozi, itasukuma!"

"Ya nyuma haizunguke! Ee, muangalie! Iko na sura ya jeep na miguu ya taxi!"

Ndicho kile kitu ambacho hatukukijua. Sisi tulijua jeep ni jeep. Nani huku kwetu angefikiri kwamba watu wanaweza kutengeneza gari yenye kimo cha jeep, uso wa jeep, hata vyuma vya jeep juu ya paa, halafu wakaipa nguvu za magurudumu ya mbele tu? Inawezekana kwao ni ya kupeleka watoto shule kwenye lami. Kaka wa Kigoma alitafuta kiti, na kiti alikipata. Hakuna aliyeuliza magurudumu.

Asukulu alishuka. Alivua viatu, akakata matawi, akaweka mawe chini, na mimi nikakaa mahali pake kwenye usukani, nikikanyaga nilipoambiwa kanyaga. Watu waliokuwa wakitembea kwa miguu, kina mama na mizigo yao kichwani, waliitua wakatusukuma. Tulitoka pale. Tukakwama mahali pengine. Kitu kikagonga chini, sauti ya bati na jiwe, na mafuta meusi yakaanza kufuata nyuma yetu kwenye matope.

Mbele tulikuta malori yamegeuzwa, yametazama tulikotoka. Dereva mmoja alikuwa anapika chini ya lori lake. Akatuuliza tunaenda wapi, tukamwambia Kalemie. Akacheka kidogo, lakini si kwa kutudharau. "Musijisumbue," akasema. "Daraja imekwenda. Na ng'ambo kule kuko batu ya bunduki, banarudisha kila gari. Bengine habakurudishwa."

Asukulu akasema atakwenda kuona kwa macho yake. Nilimsihi. Akaniambia nifunge milango nikae. Nilikaa kwenye kile kiti, Yaya, kilichotushika wote kiuno kwa upendo, madirisha yamefungwa, kimya kabisa, sisikii hata ndege. Sijawahi kuwa mahali pazuri vile nikiogopa vile.

Alirudi jua limeinama. Matope mpaka mapajani. Akafungua mlango wangu, hakuingia, akachuchumaa hapo chini akaweka kichwa chake juu ya magoti yangu.

"Daraja haiko," akasema.

"Imevunjika sana?"

"Haikuvunjika. Haiko. Kuko paka maji, maji tu."

Akalia. Nilimfuta kwa kile kikwembe cha Mama. Nakuambia hili wewe peke yako, na usimwambie mtu, maana huyu ni mume wangu na hakulia kwa ajili ya gari. Alisema, "Nilisema mbele ya batu. Nilimupa mama yako neno." Nikamwambia neno bado liko. Nilimwambia hivyo kwa sababu nampenda. Sikuwa na sababu nyingine.

Lori lilituvuta kwa mnyororo mpaka Fizi, na kutoka Fizi mpaka nyumbani. Tulipoingia uani Asukulu akajaribu kuiwasha ili aiegeshe, haikuwaka, lakini yule mwanamke wa Kijapani akasema neno lake kama kawaida. Mamamkwe alikuwa amesimama mlangoni akitazama kiti cha mbele. Aliniona mimi tu. Hakuitikia salamu.

Tumbo la gari wameliziba kwa kulehemu, sasa inatembea. Lakini inatembea wapi? Upande wa Fizi ni kama nilivyokueleza. Upande wa kaskazini, wa Swima na Makobola, ziwa limepanda likala barabara, pengine gari kubwa zinapita, yetu ingeelea. Inatoka nyumbani inakwenda sokoni, inatoka sokoni inakwenda kanisani. Maarusi wanaiazima. Wanafunga riboni, wanazunguka Baraka, wanapita mbele ya nyumba zile zile mara nyingi mpaka watu wanachoka kupunga mkono. Mvua ikinyesha mchana mimi na Asukulu tunaingia ndani yake, tunafunga milango, tunakaa. Ni nyumba yetu ndogo yenye viti vizuri. Ananishika mkono, tunasikiliza mvua juu ya bati lake. Nina furaha, Yaya. Naona haya kuandika hivyo kwenye barua kama hii lakini ni kweli, nina mume ambaye sikustahili. Nina furaha na sina tumaini. Sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa kiti kimoja.

Kisha Mama Riziki alifika na boti kutoka kwenu.

Alinikuta napepeta mchele. Hakutaka kukaa. Aliniambia daktari amesema mumrudishe Mama nyumbani, kwamba si nyonga tena, na kwamba hakuna dawa atakayompa isipokuwa ya kulala bila maumivu. Nilielewa ndilo ulilokuwa ukiniambia kwenye upepo ule. Halafu akaniambia lile ambalo wewe pengine usingeniambia. Kwamba Mama hakubali kulala. Kwamba kila siku anaomba mumtoe, mumweke kwenye kiti kando ya barabara kuu, na mfuko wake wa nguo magotini. Gari ikitokea anajaribu kusimama. Ikipita anakaa. Watu wakimwambia apumzike ndani anasema, "Mukwe wangu alisema anakuja. Asinikute sijajitayarisha."

Yaya, nilimwambia mimi. Siku ile tunaondoka, kabla mnara haujafa, nilimtumia sauti kwenye simu ya Mama Mchungaji, bila wewe kujua: Mama, tumeshika njia. Nilifikiri atafurahi.

Jioni ile tuliketi wote watatu. Mamamkwe akanishangaza. Akasema, "Mwanangu, acha mimi nikuwashie moto wako. Yaishe. Batu banyamaze." Alisema kwa huruma, najua. Lakini nikamwambia hapana. Mama mwingine huwasha moto wa bibi arusi pale tu mama yake akiwa amekufa. Mama yangu yuko hai. Yuko kando ya barabara.

"Basi unataka nini?" akaniuliza.

"Nataka kwenda."

Akagonganisha viganja vyake. "Kwenda! Bibi arusi anarudi kwao, moto yake haiyawashwa, na mifuko kwa kichwa? Unajua batasema nini kule? Batasema tumekurudisha. Batasema hukujua kupika. Mama yako mugonjwa atasikia hivyo kabla hajakuona."

Na ni kweli. Hata wewe unajua ni kweli. Ukiniona nakuja na mzigo wangu kabla ya moto, jambo la kwanza majirani watafikiri ni kwamba ndoa imekufa.

Asukulu akasema, "Hatatembea peke yake. Tutaenda wote. Na muzigo njo mimi nitabeba, kwa kichwa, kutoka kwa bandari mpaka kwa mulango yao. Bote banione."

"Mwanaume? Muzigo ya bibi? Kwa kichwa?" Mamamkwe alitoa macho. "Batasema amekuloga."

"Baseme hivyo basi. Hiyo haitamuumiza mama yake."

Mamamkwe alikusanya vyombo. Akainuka akaenda kulala bila kusema ndiyo wala hapana. Mpaka leo hajasema. Ananipikia, anaijibu gari, lakini hilo halitaji.

Kwa hiyo, Yaya, nakuomba mambo haya. Mwambie Mama ukweli, umwambie wewe, kwa mdomo wako unaojua kumwambia mambo: gari haiji. Usimwambie itakuja kiangazi. Nimeshakaa na tumaini la kiangazi, linachosha. Sidhani Mama atakikalia kile kiti, na sidhani moto wangu atauwasha yeye. Mwambie ni gari nzuri, ni laini, ilitafutwa kwa ajili yake, na ilijaribu. Mwambie mkwe wake alitembea mpaka kwenye maji. Mumtoe barabarani. Mumlaze.

Habari ya boti usimwambie. Alitukataza ziwa sisi wote na sijawahi kumvunjia hilo. Nilipokuja huku kufundisha chekechea nilikuja na lori, siku zile kulikuwa na barabara. Naliogopa hilo ziwa kuliko ninavyomwonyesha Asukulu. Akiniuliza tumekuja na nini, nitamjibu mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono, mkavu, mzima.

Nisalimie shemeji na kifua chake. Nisalimie watoto, hasa huyo mkubwa mwenye kujifanya baba wa nyumba, mwambie alale karibu na nyanya yake. Msalimie Mama Mchungaji anayekuja kumwombea, na shangazi wa ng'ambo ya soko hata kama bado amekasirika kwamba sikumwalika. Mkwe wenu Asukulu anawasalimu wote, amesimama nyuma yangu, ukurasa wa kwanza tu ndio niliomwachia asome, ameshaniambia nifute habari ya suruali. Sikufuta.

Boti ya Mama Riziki ikirudi huku salama, ndiyo tutakayopanda ikigeuka. Mwambie Mama asijitayarishe kwa chochote, asisimame kwa mtu yeyote. Abaki hapo kitandani, anisubiri tu. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni.

Mdogo wako anayekupenda,
Sifa, bibi ya Asukulu
Baraka